Mwizi wa Tope Aliyefagia

Mtu anaweza kuiba kuku. Anaweza kuiba baiskeli, na hata bati la nyumba linaibwa huku mwenye nyumba amelala chini yake. Lakini tope? Nani anaiba tope?

Hilo ndilo swali alilojiuliza Ajida Ngosa, askari mpelelezi wa jandarmeri, asubuhi ya Jumatatu moja, mwezi wa tano, mwaka 1976. Alikuwa pembeni kabisa ya mji wa Lubumbashi, kwenye kijito cha Kabesha, amesimama mikono kiunoni ukingoni mwa basen ya sementi, birika la kunasia tope la kijito. Basen ile ilikuwa pana kama chumba cha kulala. Na ndani yake hamkuwa na kitu.

Kwenye ukuta wake alikaa Citoyenne Mwaba, yaani raia Mwaba, jinsi watu wote walivyoitwa siku zile, binti wa kampusi, ameshika mti wake wa kupimia kama mtu aliyefika sokoni na kikapu, akakuta wauzaji wamekwisha kwenda zao.

"Ajida, tangu mvua ya kwanza tope ilikuwa inaingia hapa," alisema. "Leo njo siku ya kuipima. Ijumaa jioni ilikuwa humu. Nafika, nakuta hivi."

"Ile tope iko na bei?"

"Haina bei. Iko na jibu."

Ngosa alikuwa mtu wa mafumbo. Hata wafungwa wake aliwapa fumbo kabla ya kuwapa chai. Neno hilo likamfanya akae chini karibu na binti. "Jibu ya nini? Nieleze pole pole, kama unaelezea mama yako."

Mwaba akaeleza. Zone, yaani serikali ya wilaya, ilitaka kuziba kijito cha Kabesha ili kuwe na bwawa, wamama wa bustani wamwagilie mboga zao wakati wa kiangazi, na samaki wapatikane. Lakini kilima kile cha juu kilikuwa kimenyolewa miti na wachoma makala, yaani makaa, na mvua ikinyesha, udongo unatelemka. Swali likawa: udongo kiasi gani? Profesa Mukuka, mkubwa wake Mwaba, alichukua hesabu ya vitabu: nguvu ya mvua, aina ya udongo, mtelemko wa kilima, majani yanayofunika ardhi. Akazidisha hiki kwa kile, akapata kwamba bwawa litajaa upesi na kugeuka uwanja wa mpira. Mwaba naye alikuwa na hesabu yake.

"Kati ya kilima na kijito kuna bonde ya matete," alisema. "Matete inashikaka udongo mu njia. Profesa anahesabu bantu banatoka ku nyumba siku ya Mungu. Miye nahesabu bale banafika ku misa."

Ngosa akacheka mpaka kofia ikasogea. "Bengine banabakia ku bilauri."

"Njo vile! Basi tulikubaliana, basen itaamua. Unaona ule mustari mwekundu ku ukuta? Tope ikipita mustari, hesabu ya Profesa iko sawa, bwawa hakuna. Ikibakia chini, yangu iko sawa, bwawa inajengwa. Komisele, mukubwa wa zone, anakuya siku ya posho kutangaza. Kama hakuna kipimo, atafuata kitabu." Akaelekeza mti wake bustanini. "Na bamama batarudia kunywesha mboga na sufuria, kiangazi yote."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu, tangu zamani za kupokea chakula cha juma. Muda haukuwa mwingi.

Ngosa alivua viatu, akashuka ndani ya basen. Alikagua kuta, akapiga magoti, akatazama sakafu kwa ubavu wa jicho. Hapakuwa na alama ya koleo iliyopotoka, wala tope lililomwagika. Palikuwa na mistari midogo midogo, imelala sambamba kutoka kona hadi kona. Aliijua mistari hiyo. Mkewe huiandika uani kila asubuhi.

"Fagio," alinong'ona. "Mwizi gani anafagia?"

Katika ufa wa kona alikuta tope kidogo, kama konzi moja. Lilikuwa la rangi ya majivu, na ndani yake vipande vidogo vyeusi vya makala vya kule kilimani. Akalifunga kwenye kitambaa chake.

Hapo ikasikika sauti ya kike inapanda njia, sauti kubwa, inayotangulia mwenyewe. Ngosa aliposikia sauti hiyo alivuta kofia mpaka puani, akageukia ukuta wa basen kama mtoto aliyeadhibiwa. Ilikuwa sauti ya Mama Wivine, kiongozi wa wamama wa bustani, na zaidi ya hayo, mama mzazi wa Mimi, mke wa Ngosa.

Kwa watu wao, mkwe mume hamtazami mama wa mkewe usoni, hasemi naye, wala hali kwake, mpaka siku familia ya mke inapompikia chakula cha heshima na kumwingiza nyumbani. Watu wanaingizwa baada ya mwaka au miaka miwili. Ngosa alikuwa na watoto wanne na bado yuko mlangoni. Kila akituma mtu kuuliza, Mama Wivine hujibu: "Asikimbilie. Bado ninamuchunguza."

"Pole, mwanangu Mwaba," ilisema sauti juu ya kichwa chake. "Lakini nakuuliza. Tope kama haiko, si haikupita mustari? Si umeshinda?"

"Apana, mama. Kama haiko, hakuna mwenye kushinda. Yote inaharibika."

Ngosa alingoja Mama Wivine aseme kitu, kwa kuwa mama huyo hakuwahi kunyamaza hata kanisani. Alisikia tu nyayo zake zikiondoka, taratibu.

*

Faustin, mlinzi wa basen, alipoulizwa kama mtu aliiba tope, aliapa hakuna aliyepita. Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Alexis, fundi wa matofali, mwenye tanuru mtelemko wa chini. Watu walisema: nani mwingine ana haja na tope? Ngosa alimkuta saa nne, miguu imezama kwenye udongo, anaimba.

"Alexis, tope ya Mwaba iko wapi?"

"Ajida! Unaniona miye muntu wa kujenga na tope ya mutoni? Ile tofali inavunjika ukikohoa! Miye nachimba kichuguu. Udongo ya mchwa, mwekundu kama nyama. Angalia." Akachukua tofali, akalitupa chini. Likaruka, likalala zima. "Piga na ile ya mutoni, utapata unga wa kuoka mikate."

Ngosa akapita kati ya matofali yake yote, akavunja hili, akakwaruza lile. Mekundu, ndani na nje. Hakuna makala.

"Sasa niambie. Muntu gani anaweza kupiga tofali na tope ya mutoni?"

Alexis alikuna ndevu. "Muntu mwenye haraka. Na asiyejenga nyumba, juu nyumba ile itamuangukia bibi yake. Labda anajenga kitu ya kusimama siku moja tu."

Mtu wa pili alikuwa Profesa mwenyewe. Mwaba hakutaka kumtaja, lakini macho yake yalimtaja. Kama kipimo hakuna, kitabu kinashinda, na kitabu ni cha nani? Jumanne Ngosa alipanda kampusi. Profesa Mukuka alimpokea ndani ya abakosti, suti ya siku zile isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata kwenye makunjo, uso umevimba kwa hasira.

"Citoyen Ajida, kuko muntu alitaka ile tope kuliko miye? Nimeisha kutangaza mbele ya banafunzi bote kama mustari mwekundu itafunikwa! Sasa beko banacheka. Banasema Profesa alikula tope."

"Toka Ijumaa mupaka Jumatatu, ulikuwa wapi?"

Profesa alishusha sauti, akatazama mlango. "Likasi. Ndoa ya mulamu yangu. Nilicheza mpaka suruali ikapasuka. Uliza muntu yote. Lakini tafazali, usiulize banafunzi."

Ngosa hakuuliza wanafunzi. Alipiga simu Likasi, kwa kaka wa bibi harusi, na suruali ile ikathibitishwa kwa kicheko kirefu sana.

Basi Ngosa akarudi nyumbani bila mshukiwa, na fumbo lake likiwa zima: mwizi anayefagia, anajenga kwa haraka, na hajengi nyumba.

*

Jumatano saa kumi alipita uwanjani, pale wamama walipokuwa wanajiandaa kumpokea Komisele. Ngoma zililia, vitenge vyenye mwenge wa Chama vilizunguka, viuno vilifanya kazi yake. Mbele yao ilisimama tribune mpya, jukwaa la Komisele kuhutubia, imepakwa chokaa nyeupe na ukingo wa kijani. Kwa mazoezi, wamama walikuwa wanacheza juu yake kwa zamu.

Ngosa alitafuta kwanza mama mkwe wake yuko upande gani, ili apate upande wake wa kutazama. Ndipo macho yakashuka kwenye miguu ya wachezaji.

Lubumbashi ni mji wa vumbi jekundu. Miguu ni mekundu, kuta ni nyekundu, soksi za wanafunzi ni nyekundu. Lakini wamama waliokuwa wanashuka kwenye tribune walivaa vumbi la rangi ya majivu mpaka vifundoni.

Alikwenda nyuma ya tribune kana kwamba anatafuta kivuli. Kona moja ilikuwa imebomoka kwa mateke ya ngoma. Chini ya chokaa palikuwa na tofali bichi la kijivu, limejaa vipande vyeusi. Akafungua kitambaa chake, akaweka hiki kando ya kile. Havikuwa na tofauti.

Alikaa pale kitambo, anacheka peke yake kimya kimya. Kisha akaenda kwa Faustin, mlinzi wa basen.

"Faustin."

"Citoyen Kunda, tafazali, Ajida. Faustin iko ya nyumbani, tangu serikali ikatae majina ya bazungu."

"Citoyen Kunda. Uliniambia hakuna muntu alipita pa basen."

"Hakuna. Naapa."

"Siku ya posho?"

"Hata posho. Ilikuwa salongo tu."

Ngosa akamtazama. Salongo, kazi ile ya wote ya kila Jumamosi, kufagia njia na kuzibua mifereji. "Na salongo ilifanya nini?"

"Ilisafisha. Mutaa muzima ulikuwa na mabeseni, na matoroli, na mafagio. Banaimba. Na miye niliwasaidia! Tope ilitoka yote, mupaka chini."

"Na hukuniambia?"

Faustin alishangaa kwa moyo mweupe. "Ajida, uliuliza kama muntu aliiba. Salongo inaibaka?"

Basi ndiyo hiyo. Mtaa mzima ulibeba mali ya wizi juu ya kichwa, mchana, kwa nyimbo, na hakuna aliyeona wizi, kwa sababu salongo haiulizwi inabeba nini. Unaambiwa beba, unabeba, unaimba.

"Nani alisema bajenge tribune? Nani alisema basen nayo isafishwe?"

"Yule aliyekuwa anaimbisha."

"Nani alikuwa anaimbisha?"

Faustin alitazama pembeni, akakohoa. "Mukwe wako."

*

Hapo ndipo upelelezi ulipomshinda Ngosa. Alikwisha kuhoji majambazi wa Mokambo, kule mpakani, na wauzaji wa magendo wenye visu. Lakini mshukiwa huyu, yeye hakuruhusiwa hata kumtazama.

Alhamisi jioni, jua likiwa bado kwenye bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, alikwenda uani kwa Mama Wivine na kukaa juu ya kinu, mgongo kwa ukuta wa jikoni. Ndani ya jikoni alikuwa mama mkwe. Katikati, mlangoni, alisimama Mimi, mkewe, kuwa mdomo wa wawili.

"Mimi, uliza mama: siku ya posho alikuwa wapi?"

"Mama, bwana yangu anauliza..."

"Nimesikia. Niko kiziwi? Mwambie nilikuwa ku salongo, kama citoyenne muzuri."

"Anasema..."

"Nimesikia, Mimi. Uliza ni nani alisema batoe tope mu basen."

Kijiko kikagonga sufuria. "Mwambie: mupelelezi mwenye kuogopa uso ya shahidi, atapeleleza nini? Labda sauti?"

Mimi alishika tumbo kwa kicheko. "Miye hii siibebe. Mubebane wenyewe."

"Mwambie mama sina haja ya kufunga muntu," alisema Ngosa kwa ukuta wa ua uliokuwa mbele yake. "Nina haja ya tope. Mwambie kama tope ikijulikana iko wapi, na hakuna ingine iliyochanganywa, Mwaba atapima. Lakini niende mbele ya Komisele na kusema 'ni mama wa bibi yangu'? Mudomo hautafunguka. Mwambie Jumamosi nitatoa fumbo tu. Mwenye jibu atajibu, ao atanyamaza, na bwawa itakufa."

Safari hii hata Mimi hakurudia maneno. Jikoni kijiko kiliendelea kukoroga. Ila Ngosa aliposimama kuondoka, aliona kupitia mlango, bila kukusudia, mafiga ya Mama Wivine. Mawili kati ya matatu yalikuwa matofali ya kijivu.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Komisele alipanda tribune, akahutubia juu ya maendeleo, akapigiwa makofi, akafungua karatasi yake. "Juu ya bwawa ya Kabesha: kwa sababu kipimo kilipotea..."

"Citoyen Komisele!" Ngosa alijitokeza, akapiga saluti, na akasimama mgongo kwa wamama, kwa heshima. "Mbele ya kusoma, niko na fumbo moja."

"Fumbo? Hapa?"

"Iko ya kazi."

Watu walikwisha kuanza kucheka. "Lete!" wakapiga kelele.

"Aliingia kwetu bila kualikwa, akalala mvua muzima. Mutaa wote ulimubeba kwa nyimbo, na hakuna aliyemuona anatoka. Tulimupaka nguo nyeupe. Leo anabeba mukubwa, na mukubwa hajui."

Watu walitazamana, Profesa akakunja uso, Mwaba akashika mti wake wa kupimia kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa nyuma ya Ngosa na hakuweza kugeuka.

Kisha vitenge vikasikika. Mtu alitembea kutoka kundi la wamama, akamzunguka, akaja akasimama mbele yake. Watu wakavuta pumzi mara moja, kwa kuwa Mama Wivine alikuwa amesimama uso kwa uso na mkwe wake.

"Jibu iko tope," alisema. "Tope ya basen. Citoyen Komisele, umeikanyaga. Na aliyeitoa iko miye, huyu kijana anajua tangu juzi, lakini baliomuzaa bamemufundisha adabu."

Komisele aliinua kiatu kimoja, kisha kingine.

"Eleza, mama," alisema Ngosa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama bila ukuta katikati.

"Baba, niliona mvua ya mwisho inaleta tope, inapanda, inapanda. Nikasema mu roho: itafika ku mustari, na sufuria itarudi ku kichwa yangu. Nikasema tupunguze kiloko tu. Na tribune ilikuwa inatakiwa. Lakini salongo, ukiisha kuianzisha na wimbo, nani ataisimamisha? Balitoa yote. Balifagia! Niliporudi kuuliza mutoto huyu, njo nikasikia nimemuharibia. Tangu ile siku silali."

"Uliongeza udongo ingine?" Mwaba aliuliza.

"Hata nyasi moja. Maji tu. Njo maana inabomoka vile."

Ilibaki kitu kimoja kizito, na kila mtu alikijua: ile ilikuwa tribune ya Chama, na nani atathubutu kuibomoa mbele ya Komisele? Watu walitazama viatu vyao. Wa kwanza kusogea alikuwa Profesa Mukuka. Alivua koti la abakosti, akalikunja vizuri, akampa Faustin alishike.

"Tribune tutajenga ingine," alisema. "Mvua ya mwaka huu hairudi. Niko nataka kujua kama nilikosa."

Komisele alitazama chini, akamtazama Mama Wivine, akamtazama Profesa. Mabega yakaanza kutikisika. Alipocheka, uwanja wote ulicheka naye. "Leo iko siku gani? Si posho? Basi hii iko salongo!" Akaruka chini, na kona ikabomoka nyuma yake.

Walibeba kama walivyobeba mara ya kwanza, kwa nyimbo, Mama Wivine mbele anaimbisha. Alexis aliponda matofali akisema hajawahi kuona kazi rahisi hivyo. Walikwangua chokaa, wakaloweka, wakamwaga ndani ya basen. Mimi alikimbia jikoni kwa mama yake kuleta yale mafiga mawili. Tope lilipanda ukuta polepole, na kadiri lilivyopanda ndivyo nyimbo zilivyoshuka.

Likasimama chini ya mstari mwekundu. Chini kabisa, mkono mzima.

"Ngoja!" alisema Profesa, kidole juu. "Na ile iliyobakia ku miguu ya bamama?"

"Banawe miguu mu basen!" akalia Mwaba.

Na wamama wakaja kwa mstari, wakanawa miguu, wakipiga vigelegele, na mpaka mguu wa mwisho mstari ulibaki mkavu. Mwaba aliuchomeka mti wake katikati ya tope, akasoma, akasoma tena, kisha akajifunika uso kwa mikono iliyojaa tope.

Profesa alimpa kitambaa. "Hesabu yangu inajua kilima," alisema. "Yako inajua njia. Kitabu kinachokuya tutaandika pamoja: udongo unaotoka, na udongo unaofika. Lakini usiandike juu ya suruali."

Mwaba hakuelewa. Ngosa alielewa, akakohoa.

Komisele alichana karatasi yake. Bwawa litajengwa, na matete ya bondeni hakuna atakayeyakata. "Na mwizi, Ajida? Umemupata. Utamufanya nini?"

Ngosa alivuta tena kofia mpaka puani.

"Azabu yangu naijua," alisema Mama Wivine. "Kesho, kisha misa, akuye kwangu. Anaingizwa. Nimeisha kumuchunguza."

Jumapili Ngosa aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa shati jipya, Mimi na watoto wanne nyuma yake. Walimwekea kuku, bukari, ule ugali mweupe, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Akanawa, akakaa, na kwa mara ya kwanza akainua macho kwa utulivu kumtazama mama mkwe wake. Akagundua kitu ambacho miaka yote hiyo hakuna shahidi aliyemwambia: Mama Wivine alikuwa na kishimo shavuni, upande wa kushoto, kilekile cha Mimi.

"Unaangalia nini?" alisema mama.

"Napeleleza, mama."

"Peleleza bukari. Inapoa."